Mali ya Jamaa Isiandikwe kwa Jina la Mtu Mmoja



Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa pwani yetu, jamaa walichanga fedha wakanunua kiwanja cha kujenga chuo cha watoto wao. Kwa kuaminiana, na kwa kukimbia taabu ya maofisini, wakapatana hati iandikwe kwa jina la mzee mmoja miongoni mwao, mtu mwema ambaye hatujapata kusikia baya lake. Mzee yule akafariki. Warithi wake wakaona hati ina jina la baba yao, wakadai fungu lao. Sisi tuliitwa kusuluhisha. Tukatafuta karatasi isemayo kuwa kiwanja ni cha chuo, tusiione hata moja. Chuo hakikujengwa mpaka leo.

Warithi hatuwalaumu, kwani walishika kilichoandikwa. Wa kulaumiwa ni sisi. Siku hati ilipoandikwa tulikuwapo, tukanyamaza, tukadhani kuwa kutaka maandishi ni kumshuku mzee.

Dhana hiyo ni kosa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni baina yetu na kuweka mashahidi. Na amana ya watu wengi ina haki zaidi ya kuandikwa kuliko deni la watu wawili. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akashurutisha kuwa haiuzwi, haitolewi hiba wala hairithiwi. Akataja wanaostahiki mazao. Akamruhusu msimamizi ale kwa kadiri ya wema bila ya kujilimbikizia mali. Tena imepokewa kwamba aliyaandika hayo, akamtaja binti yake Hafsa awe msimamizi baada yake. Tazameni: kusudio limetajwa, mali imefungwa, haki ya msimamizi imewekewa mpaka, na wa kushika mahali pake anajulikana. Mambo hayo manne ndiyo roho ya kila katiba ya jamaa, na sheria za nchi yetu ya Kenya zinatupa njia za kuyathibitisha. Njia zenyewe ni hizi.

Ya kwanza ni chama, chini ya Sheria ya Vyama ya mwaka 1968. Hufaa kwa jamaa wasiopungua 10 wenye katiba na viongozi, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huandikishwa kwa Msajili wa Vyama, nacho hulazimika kufanya mkutano wa wanachama wote kila mwaka, kuwasomea hesabu, na kumpelekea Msajili taarifa. Njia hii ni nyepesi. Lakini chama si mtu mbele ya sheria: hakimiliki ardhi kwa jina lake chenyewe, bali kwa majina ya wadhamini wake. Vikundi vidogo vya kusaidiana mtaani navyo vina sheria yao ya mwaka 2022.

Ya pili ni wadhamini walioandikishwa kuwa mwili mmoja wa kisheria, kwa sheria ya wadhamini iliyo sura ya 164. Hao huwa na muhuri wao, humiliki ardhi, hushitaki na kushitakiwa. Akifa mmoja, mwingine hushika mahali pake, na mali haiondoki pahali pake wala haiingii katika mirathi ya aliyekufa. Lau jamaa wa kiwanja kile wangalifanya hivi, chuo kingalikuwa kimesimama. Na anayetaka kuweka wakfu kwa mujibu wa sharia yetu, aiendee Tume ya Wakfu kabla ya kuandika chochote.

Ya tatu ni kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huidhamini kwa kiasi cha fedha kilichotajwa, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015. Nayo ni mtu mbele ya sheria. Huwafaa wenye kazi kubwa, kama vile zahanati au skuli yenye waajiriwa, ila ina taarifa nyingi za kupeleka na haifai bila ya mtu ajuaye hesabu.

Iko na ya nne, shirika la manufaa ya umma, kwa sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kushika mahali pa ile ya mwaka 1990. Hii ni ya wenye kuhudumia umma kwa jumla. Jamaa ambao kazi yao kubwa ni ibada au mafundisho ya dini hawamo ndani yake, basi wasipoteze nauli kwa kuiendea.

Asiyejua aichague ipi, ajiulize: Je, tuna ardhi au tutakuwa nayo? Tutaajiri watu? Nani atapeleka taarifa mwakani, na mwaka wa baada yake? Tukivunjika, mali itakwenda wapi? Swali hili la mwisho liandikwe jawabu lake katika katiba tangu siku ya kwanza, ya kwamba mali itakwenda kwa jamaa wengine wenye kusudio kama letu, wala haitagawanywa baina ya wanachama. Wala asidhani mtu kuwa kuandikishwa ni kusamehewa kodi. Msamaha huo una maombi yake mbali.

Sasa tujirudie wenyewe. Darasa yetu hii ina sanduku la mchango na makabati mawili ya vitabu. Tukifa usiku huu, vitabu vile ni vya nani? Hapana karatasi ijibuyo. Rai yetu ni kuwa tujiandikishe chama, na siku tutakapopewa ardhi tusiipokee mpaka tuwe na wadhamini walioandikishwa. Katiba tumekwisha kuianza kuiandika. Itasomwa mbele ya wote, na mwenye neno aliseme siku hiyo. Tulikwisha kunyamaza mara moja.

Wabillahi tawfiq.