Mbio za Nyika za Skuli, na Jinsi Zinavyohesabiwa

Katika michezo ya vijijini kwetu, watu wakishindana mbio, aliyefika wa kwanza ndiye mshindi. Hupigiwa vigelegele, na waliobaki nyuma hawana habari tena. Lakini yako mashindano ambayo mvulana wa kwanza hufika, akanywa maji, akavaa shati lake, na bado hapana ajuaye ni skuli gani iliyoshinda. Hayo ndiyo mbio za nyika za skuli. Waalimu na majumbe watakaosoma habari hizi wachukue kalamu na karatasi, maana mchezo huu ni wa miguu, lakini hukumu yake ni ya hesabu.

Asili yake ni Uingereza. Katika skuli ya Shrewsbury mchezo huu umetajwa katika maandishi tangu mwaka 1831, na katika skuli ya Rugby wavulana wamekimbia mpaka kijiji cha Crick na kurudi tangu miaka hiyo hiyo ya 1830. Wavulana wachache walijifanya sungura, wakatangulia na mifuko ya vipande vya karatasi wakivitupa njiani. Wengine walijifanya mbwa wa kuwinda, wakaifuata alama hiyo kwa kupita mashamba, matope na vijito. Baadaye watu wazima nao waliupenda. Mwaka 1876 walikusanyika katika msitu wa Epping, karibu na London, kutafuta bingwa wa Uingereza nzima. Wakimbiaji 32 waliondoka, na wote wakapotea njia. Mashindano yakafutwa, na bingwa hakupatikana mpaka mwaka 1877. Basi mwalimu atakayeandaa mbio, neno la kwanza ni kuweka bendera za kutosha katika kila panda ya njia.

Siku hizi mchezo huu umeshika mizizi sana katika skuli za juu za Marekani. Huchezwa majira ya kupukutika majani, kuanzia Agosti au Septemba hata Novemba, na mwendo wake kwa kawaida ni maili 3 au kilomita 5. Kanuni ni hii. Kila skuli hutoa wakimbiaji 7. Kila mmoja hupewa hesabu sawa na nafasi aliyofika: wa kwanza 1, wa kumi 10. Hesabu za watano wa kwanza wa kila skuli hujumlishwa, na skuli yenye jumla ndogo ndiyo iliyoshinda. Hesabu iliyo njema kupita zote ni 15, yaani 1 na 2 na 3 na 4 na 5.

Msomaji atauliza, je, wa sita na wa saba wana kazi gani, ikiwa hesabu zao hazitiwi? Hapa ndipo penye utamu. Tuseme skuli mbili zinashindana, moja ya mlimani na moja ya bondeni. Wa mlimani wamepata nafasi ya 1, 2, 6 na 8. Jumla ya wanne hao ni 17. Wa bondeni wamepata 3, 4, 5, 7 na 9; watano wao wamekwisha timia, na jumla yao ni 28. Sasa nyuma, mbali na macho ya watu, wanakuja wavulana watatu wamebanana: wa tano wa mlimani, na wa sita na wa saba wa bondeni. Mvulana wa mlimani akiwatangulia wote wawili atakuwa wa 10. Mlimani watapata 27, nao wameshinda. Wote wawili wakimpita atakuwa wa 12. Mlimani watapata 29, nao wameshindwa kwa moja. Je, akipitwa na mmoja tu? Atakuwa wa 11, jumla itakuwa 28 kwa 28, na kanuni ya skuli za Marekani yasema zikilingana watazamwe wakimbiaji wa sita. Wa sita wa bondeni amekwisha fika, wa sita wa mlimani bado yuko njiani. Bondeni wameshinda.

Tazama jambo hilo. Skuli ya mlimani ina bingwa wa kwanza na wa pili, tena imeshindwa na mvulana ambaye hesabu yake haikuandikwa popote. Tena katika mashindano makubwa wa mbele huachana, bali wa katikati huenda wamesongamana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Nukta tano mbele huenda zikawa nafasi moja tu. Nukta tano katikati huenda zikawa nafasi kumi au zaidi. Kwa hiyo mwalimu hodari hatazami saa ya mvulana wake wa kwanza peke yake, bali muda uliopo kati ya wa kwanza wake na wa tano wake. Skuli ambayo watano wake hufika pamoja ni ya kuogopwa, hata kama hapana mmoja wao aliye bingwa.

Mfano wa kweli upo katika jimbo la Illinois. Huko fainali ya jimbo hukimbiwa kila Novemba katika bustani ya Detweiller, mjini Peoria, maili 3. Mwaka 1972 kijana wa shamba aitwaye Craig Virgin, wa mji mdogo wa Lebanon, alikimbia hapo kwa dakika 13 na nukta 50.6, na miaka 47 ikapita hata mwaka 2019 kabla ya mtu kuipunguza saa hiyo. Virgin alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mwaka 1980 na 1981. Sifa hiyo ni yake daima.

Lakini mtu akiuliza habari za skuli, atatajiwa York ya mji wa Elmhurst. Mwalimu wake wa mbio, Joe Newton, alifundisha hapo tangu mwaka 1960 hata 2016, na skuli yake ilitwaa ubingwa wa jimbo mara 28. Mwaka 2004, mashindano ya timu za skuli za Marekani nzima yalipofanywa kwa mara ya kwanza mjini Portland, wavulana wa York ndio walioshinda. Siri yake haikuwa kuchagua wachache. Hakumfukuza mvulana yeyote aliyekubali kufanya kazi. Mwaka 2005 kikundi chake kilipita watu mia mbili, na kila siku alimpa mkono kila mmoja, hata yule wa mwisho. Wengine watasema ni kupoteza wakati, maana wanaokimbia fainali ni saba tu. Mimi naona wasemao hivyo hawajafikiri hao saba hutoka wapi. Mvulana mnene na mzito wa mwaka wa kwanza huenda akawa wa tano katika mwaka wa nne, na wapinzani wa York walilijua hilo vizuri. Hata hivyo hawakukata tamaa: skuli ya Neuqua Valley, ya jimbo hilo hilo, ilishinda Portland mwaka 2007.

Nasi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kuona habari hizi kuwa ngeni. Mwaka 1988, katika mashindano ya dunia ya nyika huko Auckland, hesabu ilikuwa ya watu sita. John Ngugi wa Kenya alifika wa kwanza, na katika watu tisa wa mbele wanane walikuwa Wakenya. Mhabeshi mmoja alijipenyeza nafasi ya 5. Jumla ya Kenya ilikuwa 23, na apendaye ahesabu mwenyewe. Timu hiyo ya wanaume ilishinda kila mwaka tangu 1986 hata 2003, ndipo Wahabeshi walipoivunja mwaka 2004.

Kwa mwalimu atakayejaribu katika wilaya yake, gharama ni ndogo. Atengeneze mwishoni njia nyembamba ya kamba mbili, ili watu wapite mmoja mmoja wala wasipitane baada ya kufika. Mtu mmoja asimame mwisho wa kamba akigawa kadi zilizoandikwa 1, 2, 3 na kuendelea. Karani mmoja aandike jina, skuli na kadi, na karani wa pili aandike vivyo hivyo mbali naye, kisha madaftari yalinganishwe mbele ya waalimu wa pande zote mbili kabla jumla haijatangazwa. Na njia ya kamba isifunguliwe mpaka yule wa saba wa kila skuli amepewa kadi yake.