Somo la Breki: Diski Hupimwa, Haikisiwi

Wanachama wetu,

Msimu wa karafuu ukikaribia kila mtu hutengeneza alichonacho. Majamvi hushonwa, magunia hutiwa viraka, na sakafu za kuanikia hufagiwa. Gari peke yake ndiyo ambayo aghalabu huachwa mpaka ilie ndipo itazamwe. Na gari hiyo ndiyo inayoteremsha karafuu mbichi kutoka mashambani, mara nyingi pamoja na wachumaji waliokaa juu ya mzigo. Kwa hivyo somo letu la safari hii ni juu ya diski za breki za pikapu nzito.

Baadhi ya wanachama wametuuliza: diski ikilika, ipelekwe kukerezwa au inunuliwe mpya? Swali ni la haki, kwani diski mpya ni ghali na kukereza ni nafuu. Lakini jawabu lake halimo katika bei. Limo katika kipimo, na tutaeleza kwa nini.

KAZI YA DISKI

Diski ni sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, oili ya breki husukuma pistoni zilizomo katika kalipa, na pistoni hizo huzibana pedi mbili juu ya diski, moja kila upande. Fikira hii ni ya zamani. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902. Pikapu nyingi nzito huwa na diski mbele na dramu nyuma, kwa sababu gari ikipunguza mwendo uzito wake hulalia mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi.

Yafaa ijulikane kuwa nguvu ya mwendo haipotei, bali hugeuka joto, na joto hilo huingia katika diski. Tufanye hesabu. Gari yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hutoa joto la kiasi fulani. Gari hiyo hiyo ikiteremka kilima cha kimo cha mita 50 kwa breki tupu, joto lake ni kama mara 3 na nusu ya lile la kwanza. Tena tukumbuke kuwa karafuu mbichi ina uzito wa karibu mara 3 ya karafuu kavu itakayotoka humo. Mtu aliyezoea kupakia magunia ya karafuu kavu asidhani kuwa magunia yale yale yakijaa mbichi ni mzigo ule ule.

NAMBARI ILIYOANDIKWA

Kila diski ina unene wake wa mwisho, ambao ikifika hapo haifai tena. Nambari hiyo aghalabu hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, pembezoni au katikati, kwa milimita, na imo pia katika kitabu cha gari. Ikiwa kutu imeifunika, isuguliwe kwa brashi ya waya.

Tuseme diski ikiwa mpya ina milimita 32, na nambari iliyoandikwa ni 30. Maana yake ni kuwa chuma kilichowekwa ili kilike ni milimita 2 tu, yaani milimita 1 kila upande. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Ndiyo maana mtu hutazama diski yake akasema bado nene, kumbe imekwisha.

Kupima nako kuna mtego. Pedi hazifiki mpaka ukingoni kabisa, kwa hivyo ukingo wa diski hubaki mnene ilhali sehemu inayofanya kazi imelika. Kipimo cha kawaida kikiwekwa moja kwa moja hugota kwenye ukingo, nacho husema uongo. Maikromita huingia ndani ya ukingo na kupima pale palipolika. Asiyekuwa nayo na aweke washa mbili zilizo sawa, moja kila upande wa diski ndani ya ukingo, apime zote pamoja, kisha atoe unene wa washa. Apime mahali kama 8 kwa kuzunguka diski, na nambari iliyo ndogo kuliko zote ndiyo ya kufuata.

KUKEREZA AU KUNUNUA

Sasa tunaweza kulijibu swali. Mashine ya kukereza huondoa mikwaruzo kwa kuondoa chuma, na chuma hicho hutoka katika zile milimita 2. Tuseme fundi ataondoa sehemu 2 za kumi za milimita kila upande, jumla 0.4. Ikiwa diski yetu imepimwa 31.4, itabaki 31.0, nayo ina maisha mbele yake. Kukereza kuna faida. Ikiwa imepimwa 30.6, itabaki 30.2. Hapo tumelipa ujira wa fundi kwa diski ambayo huenda ikafika mwisho wake katikati ya msimu. Na ikiwa imepimwa 30.3, haikerezeki kabisa.

Diski iliyopita kiasi chake ina hatari tatu. Kwanza, chuma kikiwa kichache joto hupanda upesi, na huweza kuichemsha oili ya breki. Mvuke ukiingia katika mabomba, kanyagio huzama mpaka chini na gari haisimami. Pili, diski nyembamba hupata nyufa. Tatu, pistoni hulazimika kutoka nje kupita kawaida, na oili ikaanza kuvuja. Hayo yote hutokea kwenye mteremko, wala si gari ikiwa imesimama uwanjani.

Diski yenye ufa unaofika ukingoni, au iliyolika kwa kutu katika vipenyo vyake vya kupitishia hewa, haipimwi wala haikerezwi. Hutupwa.

KUTUNZA

Sisi ni watu wa kisiwani, na hewa ya chumvi haina urafiki na chuma. Kutu nyepesi inayokuja juu ya diski baada ya gari kulala siku chache huondoka yenyewe breki zikitumiwa. Lakini gari ikilazwa wiki nyingi baada ya msimu, kutu hula ndani na kuacha mashimo. Basi gari iendeshwe kidogo kila wiki, na ikitoka kwenye tope au kando ya bahari ioshwe kwa maji matamu.

Pedi zitazamwe kila mwezi wakati wa msimu. Zikibaki na unene wa milimita 3 zibadilishwe, kwani pedi ikiisha chuma hukwaruza chuma, na diski nzima huharibika kwa kuhurumia pedi.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kipimo cha DOT 3 huitaka isichemke kabla ya digrii 205 za Selsiasi ikiwa mpya. Ikishaingiwa na unyevu, kiwango chake ni digrii 140 tu. Kwa hivyo ibadilishwe kila miaka 2, na chupa iliyokaa wazi isitumiwe.

Dereva naye ana kazi yake. Mlima uteremkwe kwa gia ile ile ambayo gari ingepandia, ili injini isaidie kuzuia. Kanyagio likitetemeka, gari ikivuta upande mmoja, au kukisikika harufu ya kuungua, asimame pole pole mahali pa usalama, aache breki zipoe, wala asizimwagie maji, kwani chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka.

KAZI YA KUBADILISHA

Kazi hii ni ya fundi anayeijua, lakini mwenye gari hana budi kuyafahamu haya, apate kujua kama imefanywa sawasawa.

1. Gari isimame mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiliwe, na nati zilegezwe kabla ya kuinua. Mtu asifanye kazi gari ikiwa juu ya jeki peke yake. Iwekewe stendi imara.

2. Kalipa ikitolewa itundikwe kwa waya. Isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake wa oili.

3. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwani huumiza mapafu. Lilowanishwe, lifutwe.

4. Katika baadhi ya pikapu diski huchomoka yenyewe. Katika nyingine imefungwa nyuma ya habu, na habu lazima itoke. Ikitoka, beringi zisafishwe na kukaguliwa, zitiwe grisi mpya, na sili ibadilishwe.

5. Mahali diski inapokaa pasuguliwe mpaka kutu yote iishe. Punje ya kutu hapo huifanya diski iyumbe, na kanyagio litetemeke.

6. Diski mpya ioshwe mafuta yake ya kuzuia kutu, ikaushwe. Zibadilishwe mbili pamoja, kushoto na kulia, na pedi mpya. Pedi zilizokwisha zoea diski kuukuu hazikai sawa juu ya mpya.

7. Nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, na kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kisha kanyagio likanyagwe mara kadhaa mpaka liwe gumu, kabla gari haijaondoka.

8. Kwa siku ya kwanza gari isipakiwe. Mwendo upunguzwe kwa utulivu kutoka kilomita 50 hadi 10, kama mara 10, na breki ziachwe zipoe kila baada ya mara moja, ili pedi na diski zizoeane. Baada ya kilomita 100 nati zikazwe tena.

OMBI LETU

Tunamwomba kila mwanachama mwenye pikapu azipime diski zake kabla ya msimu, na aandike katika daftari tarehe, nambari ya kila upande, na nambari iliyopigwa chapa. Msimu ujao atapima tena, atoe, na ataona mwenyewe gari yake hula chuma kiasi gani kwa mwaka. Hapo hatababaishwa na mtu, akiwa fundi au muuza vipuri.

Na liko jingine. Wakati wa mavuno kila mtu ana haraka; mvua inatishia na karafuu ziko chini. Dereva akisema kuwa kanyagio linazama, twaomba asikemewe wala asiambiwe afanye safari moja tu ya mwisho. Karafuu iliyolala shambani usiku mmoja huenda ikapungua thamani. Wale waliokaa juu ya magunia ni watoto wetu na jirani zetu, na majuto ni mjukuu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu