Mzimu bila Kasri: Somo la Neno Moja katika Riwaya ya Siri

Babu alipofariki, baba mkubwa alitaka kuuza nyumba yake ya matofali hapa Likasi. Kambo, yaani nyanya yangu, hakubishana naye. Mnunuzi alipokuja kuiangalia, alimwambia tu: “Mu ile nyumba kuko muzimu.” Mnunuzi hakurudi. Kambo mwenyewe aliendelea kulala mule bila hofu.

Siku hizohizo nilikuwa nikitayarisha mada ya darasani kuhusu riwaya za kigothiki za Ulaya, nikakwama kwenye neno la kwanza. Jengo lile la kale la ukoo tuliite kasri, ngome au jumba? Naona sasa kwamba swali lenyewe halikukaa sawa.

1. Kazi ya kasri

Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764. Manfred anatawala kasri ambalo babu yake alilipata kwa hila, na mwishowe mrithi halali anajulikana. Katika The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe (1794), vitisho vingi vinapata maelezo ya kawaida mwishoni. Mapenzi, siri na milango iliyofungwa vinazunguka swali moja: mali hii ni ya nani, na marehemu bado ana neno juu yake?

2. Kazi ya mzimu

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Hakuna kasri. Kuna mwenye mashamba aliyeuawa, na kuna mzimu, ambao hapa ni mahali: pale watu wanapoheshimu wa kale. Bwana Msa anatafuta muuaji kwa akili, si kwa kafara. Kwa hiyo kazi ya kasri, kutisha na kuficha, imebebwa na mzimu.

3. Sarufi inasema nini?

Mzizi -zimu unapita katika ngeli kadhaa. Mzimu/mizimu uko pamoja na mti na mto. Wazimu uko katika ngeli ya U-. Kuzimu ni mahali. Na zimwi/mazimwi, jamaa wa mzizi huohuo, yako katika ngeli ya JI-/MA-. Roho, ugonjwa wa akili, makao ya wafu na jitu la hadithi: riwaya nzima ya kutisha iko katika mzizi mmoja.

Jambo la pili ni upatanisho. Kiswahili sanifu husema “mzimu umeamka”, ingawa wapo wanaosema “ameamka”, kwa sababu roho hutenda kama mtu. Kiswahili chetu cha Katanga hakina u- hiyo mara nyingi. Msemaji huchagua kati ya a- ya watu na i- ya vitu. Nilisikiliza nyumbani. Baba mkubwa: “Muzimu yenu inatukosesha falanga.” Kambo: “Muzimu anakatala.”

Kwa baba mkubwa ni kitu kinachozuia biashara. Kwa kambo ni mtu, na sote tulijua ni nani. Kwa herufi moja alikuwa amesema kwamba mume wake bado ana sauti katika nyumba ile, na kwamba yeye hatoki.

4. Kwa mfasiri

Kasri libaki kasri pale linapotajwa kama jengo. Lakini sentensi inapohusu dai la marehemu juu ya nyumba, neno letu lipo tayari, na kiambishi chake si pambo: kinaamua kama msomaji aogope au ahurumie. Nyumba haijauzwa. Baba mkubwa huja Jumapili, hula, na siku hizi akiuliza habari za muzimu husema: “Anasema nini?”

Zoezi: Jaza nafasi kwa u-, a- au i-: “Muzimu …nakatala nyumba iuzwe.” Kwa kila jibu, eleza ni nani katika familia anayesema, na anadai nini.