Ua la Njano Uani: Mboga, Mbolea au Balaa?

Masika yakishika, bustani hujaa maua ya njano ambayo hakuna aliyeyapanda. Jirani atakwambia ni magugu tu, fyeka. Ngoja kwanza. Rangi peke yake haisemi kitu. Kagua utomvu, jani na tunda.

1. Vunja shina. Likitoa maziwa meupe, na majani ni marefu membamba yaliyochomoza pamoja karibu na ardhi, huenda umepata mchunga, mboga chungu ambayo Wamijikenda huiita mutsunga. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ikaungwa kwa nazi, na ugali hapo hauchelewi kuisha. Ila mimea yenye maziwa ni mingi na mingine ina sumu. Usiupeleke jikoni mpaka mtu anayeujua, kwa mfano mama muuza mboga wa sokoni kwenu, ameushika na kuuthibitisha. Ukiamua kuuondoa, chimba. Kipande cha mzizi kikibaki ardhini huchipua upya.

2. Utomvu wenyewe ukiwa wa njano, kaa chonjo. Huo ni Argemone mexicana: ua pana na laini, majani yenye mishipa myeupe, miiba kila mahali mpaka kwenye tunda. Mbegu zake ndogo nyeusi ni sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu hizo yaliua watu zaidi ya 60. Vaa glavu, ung'oe kabla tunda halijapasuka.

3. Kaua kadogo ka petali tano, mmea unatambaa chini? Mbigili. Wenye baiskeli wanaujua vizuri, maana tunda lake hutoboa tairi. Usiuchanganye na kishonanguo, ambacho husimama wima na ua lake ni la njano katikati tu.

4. Fikicha jani, unuse. Likinuka vibaya, na kwenye shina kuna maganda bapa yaliyopinda kidogo kuelekea juu, ni mwingajini. Mbegu zake hudhuru mifugo, hivyo mwenye mbuzi asiuache.

5. Alizeti pori hupita kimo cha mtu, na jani lake limegawanyika kama vidole. Huu usiuchome moto! Wakulima wa magharibi mwa Kenya hukata majani yake mabichi na kuyafukia shambani, kwa kuwa yana naitrojeni nyingi. Mimi ningeuacha kwenye uzio na kuukata kabla haujatoa mbegu. Katikati ya bustani hautakuachia nafasi.

6. Msumbufu kuliko wote mara nyingi hununuliwa kwa pesa. Sphagneticola trilobata huuzwa kwenye vitalu vya maua ili kufunika ardhi: majani yanang'aa, ua kama alizeti ya mwanasesere. Upo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi, kwa hiyo usiyatupe mabaki mtaroni, yakasafiri na maji hadi bondeni. Yaanike juu ya saruji mpaka yakauke kabisa. Na jirani akikuomba kipande akapande kwake, mnyime.