Tairi Jipya kwa Pikipiki Kuukuu: Anzia Kwenye Habu

Mtindo wa kuvisha pikipiki kuukuu tairi nono la nyuma umeenea kila kijiwe. Kijana anachukua pikipiki yake ya cc 125, anaifunga tairi la upana wa 110 au 120, na kwa macho inapendeza kweli. Ukiiendesha ndipo unaona: nzito kuondoka, ngumu kukata kona, mafuta yanakwenda zaidi na cheni inakaribia kula ubavu wa tairi. Ushauri wangu kwa mwenye pikipiki ya zamani ni tofauti. Fedha ya kwanza iende kwenye vile vinavyolishika tairi, ya pili iende kwenye tairi la kipimo sahihi lenye uwezo mkubwa wa mzigo, na ukibaki na akiba ndipo ufikirie rimu mpya.

Nazungumzia zaidi jamii ya CG125, muundo ambao Honda waliutoa miaka ya 1970 na viwanda vya China vikaunakili mpaka nakala zake zikajaa barabara za Afrika Mashariki. Nyingi zina rimu za spoku za inchi 18, mbele tairi la 2.75-18 na nyuma 3.00-18. Kama yako ina inchi 17, kanuni ni zilezile.

Isimamishe kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likae hewani. Shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma kwenda pembeni. Likicheza, kuna kilichokwisha. Tazama kama ule mkono wa nyuma unaobeba gurudumu nao unatikisika: ukitikisika, bushi zake zimelika, ukitulia na gurudumu peke yake likacheza, ni beringi. Zizungushe pia kwa kidole ukishatoa ekseli. Zikikwaruza kana kwamba zina mchanga, badilisha zote mbili, na uende dukani na namba yake, kwani kwa macho zinafanana. Beringi ya 6202 na ya 6302 zote zinaingia ekseli ya milimita 15, ila ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 35 na ya pili 42. Ya mbele mara nyingi ni 6301, ya ekseli ya milimita 12.

Kisha spoku. Chukua spana ndogo, zigonge moja baada ya nyingine huku unazungusha gurudumu, zote 36. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inatoa mlio mfu, na sikio linazoea haraka. Ukimaliza, funga kijiti kwenye mkono wa nyuma kwa kipande cha mpira, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu bila kugusa, kisha zungusha polepole. Ile nafasi kati ya ncha na rimu ndiyo inayokuambia ukweli. Ikipanuka na kubana kwa zaidi ya milimita 2, rimu haijanyooka, na hicho ndicho kikomo utakachokikuta hata kwenye vitabu vya ufundi vya Honda. Fundi mzuri wa rimu atairudisha kwa kulegeza spoku za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Rimu iliyobonyea kwa kupiga shimo ni habari nyingine. Hiyo spoku haziiponyi, inunuliwe mpya.

Ikiwa unabeba mizigo, hapa ndipo pa kuboresha kwa maana halisi. Spoku za geji 9, zenye unene wa milimita 3.7 hivi, zinahimili kuliko za geji 10, ambazo ni milimita 3.25. Namba ikishuka, waya unanenepa. Hakikisha tu matundu ya habu na ya rimu yanazipokea. Pikipiki iliyofungwa spoku nene na rimu mpya ya chuma itavumilia barabara ya vumbi kuliko nyingine yoyote iliyorembwa.

Sasa tairi lenyewe. Maandishi ya ubavuni wengi hawayasomi, na humo ndimo muuzaji anamowapatia. Kwenye 3.00-18, namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kwenye 90/90-18, upana ni milimita 90, na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo. Mbele yake utakuta kitu kama 52P. Hiyo 52 ni uwezo wa mzigo, na maana yake ni kilo 200. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Namba 47 ni kilo 175, namba 57 ni kilo 230.

Piga hesabu yako. Pikipiki yenyewe ni kama kilo 110, wewe kilo 70, abiria kilo 70, na gunia dogo la kilo 50. Jumla ni kilo 300, na kwa kuwa abiria na gunia wamekaa nyuma, thuluthi mbili, yaani kilo 200, zinaliangukia tairi la nyuma. Mwenye tairi la 47 ameshalizidishia bila kujua, na anayepakia mishikaki ndiye zaidi. Kupanda kutoka 47 hadi 52 au 57 kwa upana uleule ni faida kubwa kuliko kuongeza unene. Tafuta pia zile tarakimu nne zilizo peke yake kwenye kiduara cha yai: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita, hata kashata zake zikiwa nzima, mpira wake umeanza kukauka. Liache hapohapo.

Ukitaka kunenepesha, panda ngazi moja tu. Upana wa rimu umegongwa juu yake, 1.60 au 1.85 kwa nyingi za aina hii. Tairi la 3.00 linakaa vizuri kwenye 1.85, na 90/90 linaingia. La 110 linabanwa, kingo zake zinavutwa ndani, uso wake unachongoka, na unakanyaga lami kwa ukanda mwembamba ule uliotaka kuukimbia.

Kuhusu rimu za alumini za kumwaga, zile zinazotumia tairi lisilo na tyubu, jibu langu linategemea njia yako. Kwenye lami ni nzuri mno, kwa sababu msumari ukiingia upepo unatoka taratibu na unapata nafasi ya kusimama. Kwenye makorongo na mawe sizipendi: zikipigwa zinapasuka, na fundi wa kijijini hana la kuzifanya. Ukizinunua, linganisha habu, drumu ya breki, sproketi na ekseli kabla ya kulipa. Na asikudanganye mtu kufunga tairi bila tyubu kwenye rimu ya spoku ya kawaida. Upepo utatokea kwenye matundu ya spoku.

Siku ya kufunga, weka tyubu mpya ya kipimo cha tairi pamoja na ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Paka poda ndani ya tairi, jaza tyubu upepo kidogo ishike umbo, na fuata mshale wa mwelekeo. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipeleke juu mpaka kwenye kifuniko. Valvu ikianza kuinama baada ya siku chache, utajua tairi linateleza juu ya rimu, na utawahi kabla haijang'oka. Kisha nyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uhakikishe magurudumu yamefuatana.

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Nyingi za cc 125 zinataka PSI 25 hivi mbele, na nyuma 28 hadi 32 kulingana na mzigo, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu, hasa kwenye kona na mvua, kwa kuwa uso wa tairi jipya unateleza mpaka usuguke. Zikitimia, rudi na spana yako ndogo uzigonge spoku zote tena. Mpya hulegea zikishakaa, na zikikazwa mara hiyo huwa zimetulia.