"She" ni Nani? Nomino na Viwakilishi katika Majibu ya Vitabu Teule vya Kiingereza

Isome kwa makini sentensi hii, ambayo mtahiniwa angeweza kuiandika kuhusu tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House:

"When Helmer dismisses Krogstad, he gives his post to Mrs. Linde."

Aliyeisoma tamthilia anajua kilichotokea. Helmer, meneja mpya wa benki, anamfuta kazi Krogstad, na nafasi ya Krogstad inakwenda kwa Bi Linde. Je, sentensi inasema hivyo? Kiwakilishi "his" kimekaa karibu na "he", na msomaji anaweza kuelewa kwamba Helmer ametoa kiti chake mwenyewe. Vitenzi vyote viko sawa na tahajia haina doa. Kilichopotea ni mwenye nafasi. Na ikiwa swali lilitaka ueleze kwa nini Krogstad anamtisha Nora, basi jibu lenyewe ndilo limepotea, maana Krogstad anamtisha kwa sababu anataka kuilinda nafasi hiyo. Insha ya kitabu teule ina alama 20. Usiziache zipotelee kwenye neno la herufi tatu.

Andika: "When Helmer dismisses Krogstad, he gives Krogstad's post to Mrs. Linde." Jina limerudiwa, na hakuna ubaya. Wanafunzi wengi hulikimbia jina kwa kuwa waliambiwa tangu shule ya msingi kwamba kurudia neno ni udhaifu. Ushauri huo unafaa zaidi katika insha ya kubuni. Katika insha ya fasihi, jina lililorudiwa ni afadhali mara kumi kuliko "he" isiyo na mwenyewe.

Kwa nini wewe, msemaji wa Kiswahili, unategwa kwa urahisi hapa? Lugha yako imekuzoesha msaada ambao Kiingereza hakina. Katika tamthilia hiyo hiyo Krogstad anatumbukiza barua katika sanduku la barua la Helmer. Kwa Kiswahili unaweza kusema, "Krogstad anaitia barua sandukuni, kisha Helmer analifungua." Kiambishi "li" kimekuonyesha kwamba kilichofunguliwa ni sanduku. Ungesema "anaifungua", tungejua ni barua. Ngeli zimefanya kazi yote bila wewe kujisumbua. Sasa iandike kwa Kiingereza: "Krogstad drops the letter into the box and Helmer opens it." Hiyo "it" ni barua au sanduku? Kiingereza hakina ngeli za kuamua. Ni lazima urudishe nomino: "opens the box" au "opens the letter". Katika tamthilia hii tofauti si ndogo, kwani Nora anapigania barua isitolewe sandukuni. Sanduku kufunguliwa ni hatua moja, barua kusomwa ni nyingine.

Mahali pengine Kiingereza ndicho kinachotoa msaada. Ukisema "Nora alimwambia Krogstad kwamba aliiandika sahihi", hatujui nani aliandika. Kwa Kiingereza "she" inatosha: ni Nora, aliyeghushi sahihi ya baba yake. Lakini msaada huo ni wa mwanamume na mwanamke tu. Wakikutana wanawake wawili, "she" haina maana zaidi ya "a-" yetu. Riwaya ya H. R. Ole Kulet, Blossoms of the Savannah, imejengwa juu ya dada wawili, Taiyo na Resian. Kila aya utakayoandika juu yao ina mtego huo. "Taiyo tells Resian that she is unhappy with her father's decision." Nani hafurahi? Taiyo alikatazwa kwenda kwenye tamasha la muziki Mombasa. Resian anatamani kujiunga na Chuo Kikuu cha Egerton. Kila mmoja ana malalamiko yake, kwa hiyo hata aliyesoma riwaya hawezi kukisia.

Katika sehemu ya sarufi, karatasi ya pili, mambo ni tofauti kidogo. Ukiambiwa ugeuze "Taiyo said to Resian, 'I will help you'" kuwa usemi wa taarifa, "Taiyo told Resian that she would help her" ni jibu sahihi, maana usemi halisi uko pale juu na kila mtu anauona. Katika insha hakuna kitu juu cha kutazama.

Sasa tugeukie nomino. Kwa Kiswahili unaweza kusema "Krogstad ameiandika barua" au "Barua Krogstad ameiandika", na maana inabaki. Kwa Kiingereza, nafasi ndiyo inayotoa kazi: nomino iliyo kabla ya kitenzi ni kiima, iliyo baada yake ni yambwa. Ukiandika "The letter Krogstad wrote" hujaandika sentensi. Umeandika kirai, yaani "barua aliyoiandika Krogstad", na msomaji bado anangoja kuambiwa imefanya nini. Viwakilishi vichache vimebaki na umbo linaloonyesha kazi: "he" hutenda, "him" hutendwa; "she" na "her", "they" na "them" vivyo hivyo. Kiswahili hutumia "yeye" popote, ndiyo maana "between Helmer and I" hupita masikioni bila kukwaruza. Umbo sahihi ni "me", kwa kuwa "between" ni kihusishi. Ukiwa na shaka penye majina mawili, ondoa moja usikilize linalobaki. "Mrs. Linde visits I"? Hapana. Basi "Mrs. Linde visits Nora and I" nayo imeanguka.

Kosa jingine linatokana moja kwa moja na viambishi vyetu. Tunasema "Ole Kaelo anahama", na mwanafunzi anaitafsiri ile "a-" pia: "Ole Kaelo he moves his family from Nakuru to Nasila." Kiima kimeshatajwa, "he" ni mgeni asiyealikwa. Ndugu yake hujificha katika kishazi rejeshi: "pesa ambazo Nora alizikopa" inakuwa "the money which Nora borrowed it". Neno "which" limeshashika nafasi ya yambwa. Futa "it".

Wengine huandika "borrowed them", na hapo pana jambo la ziada. Pesa zetu huchukua "zi-", lakini "money" ni nomino isiyohesabika na haina wingi. Katika insha za fasihi, neno linaloumizwa zaidi ni "evidence". Andika "a lot of evidence" au "several pieces of evidence". Vivyo hivyo "advice" na "information": hazipokei "s" kamwe.

Zoezi

Kila sentensi ina kosa moja kati ya yaliyojadiliwa. Iandike upya, kisha ueleze kosa ni lipi.

(a) The loan which Nora took it saved Helmer's life.

(b) Her and Mrs. Linde were friends at school.

(c) There are many evidences that Helmer treats Nora like a child.

(d) Resian loves Taiyo, although she is more outspoken.

Katika (d), irejelee riwaya kwanza ndipo uamue ni jina lipi litakalochukua nafasi ya "she".