Penseli ya Dokta: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mihogo ya Biharamulo na Ngara

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na sikuwa na mada. Kozi yetu ilitaka kila mwanafunzi afanye utafiti mdogo chini ya mwalimu mmoja, na wenzangu wengi waliutafuta karibu na bweni: panya wa ghalani, mchicha wa bustani, kitu cha kumalizika kabla ya mitihani. Mimi nikagonga mlango wa Dokta wa magonjwa ya mimea, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alikuwa na kazi ya mihogo Kagera, akahitaji mtu wa kuhesabu nzi weupe.

"Unajua kuhesabu?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

1. Barua ina ngazi, na kila ngazi ina mwenyewe

Nilidhani barua ya chuo inafungua mashamba yote ya Tanzania. Kumbe inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Bukoba. Ukitoka hapo unapewa nyingine ya wilayani, halmashauri nao wanaandika ya kwao kwa mtendaji wa kata, wa kata anampigia wa kijiji, na wa kijiji anakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hasomi hata moja. Anakutazama usoni, anauliza kama umekula.

Ofisi moja njiani ilipoteza nakala yetu. Tukakaa siku mbili gesti, mimi nikinung'unika, Dokta akinifundisha kuhesabu kwenye mhogo uliojiotea nyuma ya jiko. Nzi mweupe ni mdogo kama chembe ya unga. Unakamata jani kwa kikonyo, si kwa kiganja chake, unaligeuza polepole mpaka uone upande wa chini. Ukiligeuza kwa pupa wanaruka wote na unabaki na sifuri ya uongo. Majani matano ya juu, asubuhi kabla jua halijawachangamsha. Jioni ya siku ya pili nilikuwa nimehesabu mhogo uleule mara kumi na moja, na mara mbili tu ndipo idadi yangu ikalingana na ya Dokta.

2. Kitabu huweza kuachwa nyuma na shamba

Ugonjwa tulioufuata, michirizi ya kahawia, ambao nzi hao huueneza, ulielezwa na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, usiopanda sana juu ya mita 1,000. Sasa Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Biharamulo na Ngara ziko juu ya ziwa. Kwa hesabu hiyo mkulima wa huku alitakiwa alale usingizi. Lakini kuanzia mwaka 2004 ugonjwa ukaonekana Uganda kwenye miinuko kama hii, kisha ukaizunguka kanda ya ziwa. Na hapo batobato kali, ugonjwa mwingine wa mihogo, lilikuwa limekwisha kupita Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wakapoteza mbegu zao za asili.

Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Bado nilifika kata ya Kasulo, Ngara, nikatazama majani ya shamba la mama mmoja, nikaandika 1 karibu kila mstari. Kipimo chetu kilikuwa 1 hadi 5: moja ni mmea usio na dalili, tano ni hali mbaya kabisa. Mashina 30 kila shamba. Yule mama alikuwa amesimama na panga lake ananisindikiza kwa macho.

"Mbona huchimbi?"

Nikamweleza kwamba tunaangalia majani.

"Mwanangu, ugali haupikwi kwa majani."

Akang'oa shina moja, akakata muhogo kipande kwa kipande kama anayekata ndizi. Nje ulikuwa mzuri, mnene, hata wa kupeleka sokoni. Ndani, kila kipande kilikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Akanipa kimoja mkononi. Dokta alikuja, akakitazama, akachora safu mpya pembeni mwa karatasi yangu: *mizizi*. Tangu siku hiyo, mwenye shamba lililokomaa akiridhia, tulichimba, na kila shina tuliling'oa kwa kulipa.

3. Andika kwa penseli

Dokta alitupa penseli mbili kila mmoja pamoja na kichongeo. Mimi nikaona ni mambo ya shule ya msingi, nikaendelea na kalamu yangu ya wino.

Mvua za kwanza za Septemba zilitukuta upande wa Nyakahura. Ilikuwa mvua ya ghafla, kwenye barabara ya malori yanayokwenda Rusumo, tukakimbilia kibanda cha wauza mahindi. Nilipofungua daftari jioni, kurasa za mashamba mawili zilikuwa buluu tupu.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo sikulisimulia kwa miaka. Nilikaa na tochi ya simu nikaandika upya namba zote za mashamba yale mawili, mashina 60, kwa kumbukumbu. Nilijiambia nakumbuka. Kweli nilikumbuka kidogo, kwamba shamba la kwanza lilikuwa na nzi wengi na la pili wachache. Zilizobaki nilizitunga zifanane na ukweli.

Kesho yake Dokta alipitia daftari akinywa chai. Akafika kurasa zile, akanyamaza kidogo.

"Hizi ulihesabu au ulikumbuka?"

Sijui alijuaje. Baadaye alinieleza kwamba nzi weupe hawana adabu: shina moja wako sitini, la jirani hakuna hata mmoja. Namba zangu zilikuwa na adabu mno. Hakunifokea. Alichukua penseli, akapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya kila ukurasa ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, akaandika *haikupimwa*. Wakati wa kurudi haukuwapo, maana gari lilitakiwa Biharamulo mjini siku ileile. Tulipanga mashamba 40, ripoti ikasema 38, na sentensi moja ikaeleza kwa nini. Sentensi hiyo aliniachia niiandike mwenyewe. Ni ya maneno kumi na tatu, na ilinichukua mchana mzima.

4. Uliza kwa neno la mwenye shamba

Dodoso letu liliuliza "chanzo cha vipando". Watu walitutazama tu. Bwana shamba aliyefuatana nasi, kijana wa hukohuko anayeongea Kihangaza, akatunong'oneza: "Ulizeni mbegu." Mkulima wa muhogo hupanda pingili za mti, lakini kwake hiyo ni mbegu. Tulipouliza mbegu imetoka wapi, majibu yakamiminika: kwa shemeji, kwa mama mkwe, kwa jirani aliyehama, ng'ambo ya mto. Ramani ya ugonjwa ilikuwa ndani ya ramani ya undugu, na mpaka wa Burundi hauonekani humo.

Jambo jingine. Mwezi Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na kambi ya wakimbizi ya Benaco, hapo Ngara, ikawa jina la dunia nzima. Tangu wakati huo watu wa Ngara wameona wageni wengi wenye fomu. Mzee mmoja alitujibu maswali yote kwa upole, kisha akauliza, "Hii nayo mnaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

5. Ulizia jina lako mapema

Fupi. Rafiki yangu wa kozi nyingine alikusanya takwimu za mwalimu wake miezi miwili, akaja kuona makala imetoka bila jina lake. Mimi Dokta aliniambia kabla hatujapanda basi: nitakuwa jina la tatu, nikiandika sehemu ya mbinu. Huko MIT, Marekani, Margaret MacVicar aliwaanzishia wanafunzi wa shahada ya kwanza mpango rasmi wa kufanya utafiti na walimu wao mwaka 1969. Sisi wengi hutegemea mlango tunaougonga. Basi ukifunguliwa, uliza hilo kabla ya nauli.

6. Rudi

Mwaka uliofuata Dokta alinichukua tena, siku nne tu, kupeleka matokeo. Tulikuwa na karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye picha ya muhogo uliokatwa. Yule mama wa Kasulo alimwita mjukuu wake amsomee. Mtoto akasoma yote, pamoja na namba ya simu ya halmashauri. Mama akaikunja karatasi mara mbili, akaichomeka juu ya mlango.

"Sawa, mmeandika. Na mbegu iko wapi?"

Nilimtazama Dokta. Alikuwa ameshafungua daftari, anachonga penseli.